Kufuga goldifishi kwenye joto la Dar: tenki, maji, hewa na msosi

Tuanze na bakuli, maana hapo ndo goldifishi wengi wanapofia. Lile bakuli la kioo la duara, lita 5 au 6, vimawe vya rangi chini, samaki mmoja mwekundu anazunguka, linanunuliwa kama zawadi ya besdei, mtoto anafurahi wiki mbili, wiki ya tatu samaki kaelea tumbo juu na mtu mzima anamwambia mtoto "hawa samaki ndo walivyo, hawaishi". Jamani sio kweli. Goldifishi anayetunzwa vizuri anaishi miaka 10 hadi 15, wapo wanaofika 20, na Uingereza alikuwepo mmoja anaitwa Tish, watu walimpata kama zawadi kwenye maonyesho mwaka 1956 akaja kufa 1999, miaka 43 hiyo. Huko Italia mji wa Monza ulipiga marufuku kuweka samaki kwenye mabakuli ya duara mwaka 2004, na mwaka uliofuata Roma nao wakafanya hivohivo. Kwa hiyo hilo bakuli kama unalo tayari lipe kazi nyingine, samaki mtoe.

Kwa nini linaua? Goldifishi ni ndugu wa kapi, asili yake Uchina, kafugwa kwa zaidi ya miaka 1000, na ni samaki mkubwa. Hawa wa umbo la kawaida wenye mkia mmoja wanafika sentimita 25 hadi 30, na wale wa mikia miwili wenye miili mifupi ya duara wanafika 15 hadi 20. Yule wa sentimita 4 unayemwona dukani ni mtoto tu. Halafu hana mfuko wa tumbo wa kutunzia chakula, chakula kikishapita koo kinaingia kwenye utumbo moja kwa moja, ndo maana anatafuta kula muda wote na anakunya muda wote. Na mbali na kinyesi, anatoa amonia kupitia matamvua, yale mashavu mekundu ya kupumulia. Amonia ni sumu, inaunguza matamvua hayohayo yaliyoitoa, na kwenye lita 5 haina pa kwenda, inapanda tu siku hadi siku mpaka samaki anashindwa kuvuta hewa. Hafi njaa wala hafi uzee, anakufa kwa sumu aliyoitoa mwenyewe.

Kuna watu watakwambia samaki anakua kulingana na ukubwa wa chombo, kwa hiyo chombo kidogo hakina shida. Anadumaa, ndio, lakini anadumaa kwa sababu anaishi kwenye uchafu, na samaki aliyedumaa hivo hafiki mbali.

Joto letu linabadilisha hesabu

Maelekezo mengi utakayokuta mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaongelea maji ya nyuzi 18 mpaka 24 na kweli hapo ndo goldifishi anapopapenda. Sasa sisi wa Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, mwezi wa kwanza na wa pili maji ndani ya nyumba yanakaa nyuzi 29, 30, mchana hata zaidi kama tenki liko karibu na dirisha la jua. Goldifishi anavumilia, hasa akizoea taratibu, ila mambo matatu yanatokea kwa wakati mmoja. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, nyuzi 20 yanaweza kushika kama miligramu 9 kwa lita, nyuzi 30 ni kama 7.5 tu. Mwili wa samaki nao unachemka, anahitaji oksijeni nyingi zaidi kuliko akiwa kwenye baridi. Na amonia ileile, kiasi kilekile, inakuwa kali zaidi, kwenye maji ya pH 8 (pH ni kipimo cha uchachu wa maji, 7 ndo katikati) ile sehemu yake iliyo sumu inakaribia kuwa mara mbili ukitoka nyuzi 20 kwenda 30.

Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba lita 75 zinamtosha samaki mmoja, wewe wa pwani ongeza, na ukisoma kwamba pampu ya hewa sio lazima, kwako ni lazima. Watu wa Arusha, Iringa, Njombe, Nairobi mna bahati, hali ya hewa yenu ni ya goldifishi kabisa. Huku kwetu tunamfuga kwa kumpa nafasi na hewa ya ziada, hakuna njia ya mkato hapo.

Tenki

Mi nashauri goldifishi wawili wa mikia miwili, tenki la sentimita 90 kwa 45 kwa 45. Hilo ni kama lita 180 likijaa pomoni, ukitoa nafasi ya juu unabaki na kama 160 hivi. Wale wa mkia mmoja, komet na shubankin, ni waogeleaji wa mbio, hao wanataka bwawa la uani, ndani ya nyumba watateseka. Umbo nalo lina maana, tenki refu lililolala ni zuri kuliko lililosimama kama nguzo, kwa sababu oksijeni inaingilia kwenye uso wa maji, uso ukiwa mpana hewa inaingia vizuri.

Matenki ya dukani ya ukubwa huo bei imechangamka, wengi tunachongesha kwa fundi wa vioo na aluminiamu wa mtaani na yanadumu. Ila msimamie fundi. Kioo kiwe milimita 8, juu aweke vipande vya kioo vya kushikilia kuta zisitanuke katikati, na silikoni ndo uwe mkali nayo kabisa: isiwe ile ya bafuni ya kuzuia fangasi, ile ina dawa na dawa hiyo inaua samaki. Soma kichupa. Ya kawaida inanuka kama siki ikiwa mbichi, iache wiki nzima ikauke mpaka harufu iishe. Kisha lijaze maji likiwa kibarazani, chini tandika magazeti makavu, liache siku nzima. Tone dogo tu utaliona kwenye gazeti kabla hujaliona kwenye kioo.

Mahali pa kuliweka fikiria mapema, ukilijaza halihamishiki. Maji lita 160 ni kilo 160, ongeza kioo na mchanga unavuka kilo 200, kile kimeza cha tivii hakibebi. Meza ya chuma iliyochomelewa au mbao ngumu, juu yake weka ubao ulionyooka halafu kipande cha stairofomu, kioo kisikae kwenye kona moja kikapasuka. Mbali na dirisha la jua, mbali na jiko. Na soketi isiwe chini ya tenki, waya wa pampu uache ushuke kwanza ndo upande kwenye soketi, ili tone la maji likitembea kwenye waya lidondokee sakafuni.

Chini ya tenki weka mchanga laini wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, au acha kioo kitupu kabisa, kitupu ndo rahisi kusafisha. Goldifishi anachota mchanga mdomoni anautafuna anautema, siku nzima, ndo maisha yake, sasa vile vimawe vya rangi vya ukubwa wa punje ya mahindi vinamkwama kooni. Mchanga wa baharini acha, una chumvi na vipande vya makombe. Mapambo yenye ncha acha pia, hasa kama unataka wale weusi wa macho ya kutokeza, hawaoni vizuri na macho yanachanika.

Filta usipime kwa sura. Kwa tenki hili unataka inayosukuma lita 800 kwa saa au zaidi, na pamoja nayo pampu ya hewa yenye sponji. Kama hela inabana, anza na sponji mbili kubwa zinazoendeshwa na pampu ya hewa moja nzuri, zinasafisha na kuingiza hewa kwa mkupuo, na spea zake hazisumbui.

Maji

Maji ya bomba yana klorini, imewekwa ili sisi tusiugue, lakini inaunguza matamvua. Mimina kwenye ndoo au pipa lililo wazi uache siku moja mpaka mbili, ukitumbukiza na jiwe la hewa linakwenda haraka zaidi. Pipa lililofunikwa halisaidii, klorini inahitaji kutoka. Au nunua matone ya kuondoa klorini duka la samaki, yanafanya kazi palepale. Maji ya kisima, hasa huku karibu na bahari, yaonje kwanza, kama ulimi unasikia chumvi tafuta mengine, na hata yakiwa matamu yapige hewa masaa kadhaa kwa sababu maji yanayotoka chini sana yanakuja na oksijeni kidogo. Ya boza sawa tu, ila hujui yametoka wapi, yatendee kama yana klorini.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Tenki jipya lenye maji masafi yanayong'aa sio salama bado. Lile linalomlinda samaki ni bakteria, wanaishi kwenye sponji ya filta na juu ya mchanga, kundi la kwanza linakula amonia linatoa nitriti, nayo ni sumu, kundi la pili linakula nitriti linatoa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka ubadilishe maji. Bakteria hawa wanachukua wiki 4 mpaka 6 kujaa, joto letu linawasaidia kidogo. Kwa hiyo unawasha filta tenki likiwa na maji bila samaki, kila siku unatupia chakula kidogo cha kushika kwa ncha za vidole kioze humo, na unapima. Siku amonia inasoma 0 na nitriti inasoma 0 na nitrati inaonekana, hapo ndo ukanunue samaki. Njia ya haraka, kama una rafiki mwenye tenki la siku nyingi lisilo na ugonjwa, mwombe kipande cha sponji yake chafu ukipachike kwenye filta yako, ule uchafu wa kahawia ndo mali yenyewe. Usiuoshe.

Vipimo vya matone bei yake inauma, najua, lakini kipimo cha amonia kimoja kinakaa muda mrefu na kinakuonyesha shida ambayo macho hayaoni. Kama huna kabisa, basi anza na samaki mmoja tu mdogo, mwezi wa kwanza badilisha theluthi moja ya maji kila baada ya siku mbili, na mpe chakula kidogo mno. Ukiweka chumvi gramu 1 kwa kila lita inamkinga na nitriti, maana nitriti ikiingia kwenye damu inazuia damu kubeba oksijeni, na chumvi inazuia isiingie.

Tenki likishakomaa, kazi ya kila wiki ni ndogo. Unatoa theluthi moja mpaka nusu ya maji kwa mpira, ukipitisha mdomo wa mpira juu ya mchanga unyonye kinyesi. Usivute kwa mdomo, jaza mpira maji bombani, ziba kwa kidole gumba pande zote, tumbukiza upande mmoja ndani ya tenki, mwingine kwenye ndoo, achia. Maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani, weka mkono kwenye ndoo na mkono kwenye tenki, ukisikia tofauti subiri. Sponji ya filta unaikamua ndani ya ndoo ya maji machafu yaleyale uliyotoa, sio bombani, ukiiosha bombani klorini inaua bakteria wote na unarudi mwanzo. Na usisafishe kila kitu siku moja, yule mtu anayetoa samaki, anamwaga maji yote, anasugua kioo kwa sabuni, anafua mchanga, anarudisha, huyo ndo anazika samaki baada ya siku tatu halafu anashangaa mbona alikuwa msafi. Sabuni isiguse tenki maisha yake yote. Yale maji ya kahawia uliyotoa mwagia mchicha au mpapai, yana nitrati, ni mbolea nzuri tu, labda kama uliweka chumvi hapo ndo usimwagie mimea.

Dawa ya mbu

Hili naliandika peke yake kwa sababu silioni likisemwa na kwetu ni kila jioni. Dawa za mbu za kupuliza, na nyingi ya zile za kuchoma na za kuchomeka kwenye umeme, zina kemikali za jamii ya pairethroidi, ambazo kwa mtu sio kali sana ila kwa samaki ni sumu kwa kiasi kidogo mno. Na pampu ya hewa inafanya mambo kuwa mabaya zaidi, inavuta hewa ya chumba hichohicho na kuisukuma ndani ya maji. Mtu anapuliza saa kumi na mbili, anafunga mlango, asubuhi samaki wote chali na maji ni meupe kabisa, anaanza kulaumu chakula.

Chumba chenye tenki usipulizie, tumia neti na nyavu za dirishani. Ikibidi kabisa, mfano mwenye nyumba kaita watu wa kupulizia mende, hamisha samaki kwenye beseni kubwa nyumba nyingine, au angalau zima pampu ya hewa, funika tenki lote kwa nailoni na taulo bichi juu yake, na ufungue madirisha chumba kipigwe upepo masaa kadhaa kabla hujafunua. Mwambie na dada anayesaidia nyumbani na watoto pia, kila mtu ajue. Na mikono yenye losheni au mafuta ya kufukuza mbu, ioshe ukaisuuze vizuri kabla hujaiingiza majini.

Umeme ukikatika na joto likipanda

Umeme ukikata filta inasimama, na maji yakisimama oksijeni inashuka, na kwenye nyuzi 30 huna muda mrefu kama samaki ni wengi. Hapa ndo tenki kubwa lenye samaki wawili linapolipa, linakaa masaa mengi bila tatizo. Nunua pampu ndogo ya hewa ya kuchaji au ya waya wa USB, unaichomeka kwenye pawabenki inakwenda usiku kucha. Huna? Chukua jagi, chota maji ya tenki, yamwage kutoka juu kiasi cha futi moja, dakika tano kila nusu saa, inasaidia kweli. Usilishe umeme ukiwa umekatika. Na ukirudi baada ya masaa mengi, usiwashe filta ya sanduku hapohapo, yale maji yaliyolala ndani yake yameoza hayana hewa, fungua umwage, suuza kwa maji ya tenki, ndo uwashe.

Joto lenyewe unalipunguza kwa feni. Feni ndogo ielekee kwenye uso wa maji, mfuniko wa kioo toa weka wavu, maji yanavukizwa na yanapoa nyuzi 2 hivi, bara kwenye hewa kavu hata 3 au 4. Maji yatapungua haraka, ongeza kila siku yasiyo na klorini. Chupa ya maji ya barafu ielee humo inafaa siku ya dharura tu, moja kwa wakati, ukishusha joto ghafla unamwumiza kuliko joto lenyewe. Taa ya tenki zima mchana.

Kumchagua na kumleta

Dukani usimwangalie samaki kwanza, angalia tenki alilomo. Kama kuna maiti hata moja, kama wenzake wanapumulia juu, kama maji yananuka, toka. Samaki mzuri mapezi yamefunguka, hajayakunja mwilini, anatafutatafuta chini, macho maangavu, ukimsogelea anakuja au anakimbia, hakai kona moja ameinamisha kichwa. Oranda, ryukin, mweusi wa macho, fantel, hao wa mikia miwili wanaishi pamoja vizuri. Wasichanganywe na wa mkia mmoja, wale wana kasi watamaliza chakula.

Na msimchanganye na kila samaki mwenye rangi nzuri. Mbuna wa Ziwa Nyasa ni wazuri mno na ni wa kwetu, ila ni wakorofi, watamtafuna mkia mpaka abaki kisiki. Perege na kambale usifikirie. Yule samaki mweusi wa kunyonya vioo mnayeuziwa kwamba "anasafisha tenki" naye usiku anamnyonya goldifishi ule ute wa mwilini, na yeye mwenyewe anakunya kama kawaida, hasafishi kitu. Goldifishi anapenda goldifishi mwenzie, akiwa peke yake anapoa.

Njiani na foleni zetu mbebe ndani ya kindoo chenye kifuniko au kiboksi cha kubebea barafu bila barafu, jua lisimpige kwenye dashibodi. Ukifika, elesha mfuko kwenye maji dakika 15 mpaka 20 joto lilingane, fungua, ongeza kikombe cha maji yako, subiri kidogo, halafu mchote kwa wavu umwingize. Yale maji ya mfuko mwaga chooni, yamejaa amonia na pengine na wadudu wa dukani. Kama tayari una samaki wengine, mgeni akae kwenye beseni lake lenye sponji yake wiki 3 au 4 kwanza.

Msosi

Mara mbili kwa siku, kiasi anachomaliza ndani ya dakika moja au mbili, basi. Atakuomba tena. Atakuja mbele ya kioo, atatikisa mwili wote, atafyonza hewa juu, watoto watasema ana njaa, hana njaa, kakuzoea tu. Ile hadithi kwamba ana kumbukumbu ya sekunde tatu ni uongo, anakumbuka kwa miezi, anajua sauti ya kopo la chakula na anajua nani anamlisha.

Chakula kiwe cha punje zinazozama, chakula cha goldifishi chenyewe, loweka dakika chache kwenye kikombe kabla hujampa ili kisivimbie tumboni. Mboga mpe mara kwa mara: njegere iliyochemshwa ukatoa ganda na kuikanda, mchicha uliopitishwa kwenye maji ya moto, kipande cha tango. Wadudu wa maji, yaani viluwiluwi vya mbu, anavipenda sana, bora vitoke kwenye ndoo safi ya kwako na sio mtaroni. Mkate, ugali, wali, biskuti, hapana, vinachafua maji na kumvimbisha. Siku moja kwa wiki usimpe kitu.

Kumsoma akiumwa

Kila asubuhi simama mbele ya kioo dakika mbili kabla hujalisha. Akipumulia juu ya maji, midomo inapiga papapa, hiyo ni hewa au amonia, kabla ya dawa yoyote badilisha nusu ya maji na ongeza mapovu. Mapezi yenye mistari myekundu kama nyuzi za damu, mara nyingi ni maji machafu vilevile. Kwa kweli magonjwa mengi hapa nyumbani yanaisha kwa kubadilisha maji kila siku wiki nzima, watu wanakimbilia dawa za rangi ya bluu na maji yenyewe ni mabovu.

Madoa meupe kama chembe za chumvi mwilini na kwenye mkia, na anajisugua kwenye mchanga, huyo kapata iki, kimelea. Chumvi ya mawe isiyo na kitu kingine inafaa: fikisha gramu 3 kwa lita, lakini kwa awamu, gramu 1 kwa lita kila baada ya masaa 12, ukiiyeyusha kwanza kwenye jagi. Kwa tenki lenye lita 150 za maji ni gramu 450 jumla. Kaa hivo wiki mbili, hata madoa yakiisha mapema, kwa sababu kimelea akiwa ndani ya ngozi chumvi haimpati, inampata akitoka kuogelea kutafuta samaki. Mimea itoe kwanza. Na ukibadilisha maji, rudishia chumvi ya yale maji mapya tu.

Ila kabla hujatia chumvi angalia madoa yako wapi. Kama ni vidoti vyeupe vilivyopangana kwenye mfuniko wa shavu na kwenye ule ukingo wa mbele wa mapezi ya pembeni tu, mwili na mkia ni safi, huyo haumwi, ni dume amekomaa na anatafuta jike, ukipapasa ni vigumu kama mchanga. Watu wengi wanamtibu huyu bure.

Akielea kichwa chini au anashindwa kushuka baada ya kula, hasa hawa wa miili ya duara, mnyime chakula siku moja au mbili, kisha njegere iliyokandwa, na punje kavu zinazoelea ziache kabisa. Magamba yakisimama mwili mzima na tumbo limejaa, hapo figo zimeshindwa, mtenge, mpe maji safi na chumvi kidogo, lakini wengi hawaponi na ni vizuri ujue hivo mapema.

Ukichoka kumfuga usimwachie mtoni wala bwawani. Nchi nyingi goldifishi walioachiwa wamezaliana wakachafua maji na kula mayai ya samaki wa asili. Mpe mtu mwingine mwenye tenki, atachukua.

Na ukisafiri, wiki moja goldifishi mkubwa mwenye afya anakaa bila chakula na hapati shida, mlishe kawaida mpaka jana yake, badilisha maji siku mbili kabla hujaondoka ili ukiharibu kitu ukione ukiwa bado upo. Zaidi ya wiki, mfungie jirani vipakiti vya karatasi, kila kimoja mlo mmoja wa siku, kopo lenyewe lifiche, maana jirani mwenye huruma ndo anayemwaga nusu kopo. Mwachie na kazi moja tu ya kuangalia: mapovu yanatoka au hayatoki, yasipotoka akupigie simu.